Kichwa Kimepatikana, Meno Mawili Yamekatika

Miaka ile nilikuwa nakusanya vichwa, na sikuona ubaya wowote kulitamka jambo hilo kwa sauti, sokoni, mbele za watu. Vichwa vya treni, bila shaka. Vidogo, vya kukaa kiganjani, vilivyotengenezwa Ulaya kwa kipimo maalumu ili watu wazima wenye pesa na nafasi wachezee sebuleni kwao. Nilipoambiwa mara ya kwanza kwamba huko kuna mababa wazima, wenye wake na mvi, wanaocheza treni, nilishangaa mpaka nikasahau kumrudishia mteja chenji yake. Baadaye nikawa kama wao, ila mimi pesa sikuwa nazo na sebule yangu ilijaa viti vinne tu.

Nimezaliwa Same, kwenye nyumba za vibarua nyuma ya stesheni. Wazazi wangu si Wapare. Walitoka kusini, wakaletwa huku na mkonge, na mkonge ulipodorora wakahamia mjini wakafanya kila kazi iliyopatikana. Kwa hiyo utoto wangu ni wa stesheni. Treni ya abiria sikuijali, maana ilipita na watu wasionijua. Nilichokipenda ni kile kichwa kidogo cha kupangia mabehewa. Kilikuwa kifupi, cheusi, kina ngazi mbele ambapo mtu husimama akining'inia, na mkono mrefu wa chuma uliounganisha magurudumu yake. Kilisukuma behewa la saruji huku, kikavuta behewa la mahindi kule, kikarudi, kikagonga, kikatulia. Hakikusafiri kwenda popote. Siku kilipoondolewa Same na kupelekwa sijui wapi nililia, na mama akanichapa kwa kulilia mali ya serikali.

Kisha ikaja ile miaka ambayo wa rika langu wanaijua bila kutajiwa. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ambayo unaingia kwanza halafu ndipo unauliza wanauza nini. Tulifua kwa majani ya mpapai. Kitu cha kuchezea kilikuwa kopo, na kopo lenyewe lilihitajika kwa kupimia unga. Sikumbuki kuona kitu hata kimoja kilichotengenezwa kwa ajili ya kufurahisha tu.

Ndiyo maana ruksa ya kuingiza bidhaa ilipokuja, na mitumba ikaanza kumwagwa sokoni, mimi nilikuwa wa kwanza kutandika turubai. Tuliiita kafa Ulaya, kwa kuamini kwamba wenye nguo hizo wamekufa, maana mtu mzima wa akili hawezi kutoa koti zuri namna ile akiwa hai. Siku moja nilikuwa nakagua mifuko ya koti la mtoto, kama tulivyofanya wote kwa matumaini ya kukuta sarafu ya kigeni. Nikagusa kitu kizito na baridi. Nikakitoa. Kilikuwa kichwa cha kupangia mabehewa, chenye ngazi yake mbele, taa zake, na vyuma vya kushikia vyembamba kuliko sindano ya cherehani. Nilikaa chini pale pale juu ya marundo ya nguo za watu. Jirani yangu wa meza alidhani nimeumwa na nge.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa mwanamke mzima, nilikuwa nimeshuhudia njaa na misiba, na nilishindwa kupumua kwa sababu ya kitu cha kuchezea. Nilikasirika pia. Kumbe wakati sisi tunagombea mche wa sabuni, mahali fulani mtu alikaa akatengeneza ngazi ya treni ndogo kuliko kucha, kwa subira yote hiyo, ili mtoto aisahau kwenye koti! Nilikasirika wiki nzima, na kila jioni nilikitoa nikakitazama.

Tangu hapo nikaanza kukusanya. Treni nzima haikupatikana, zilikuja sehemu tu. Paa la behewa la mizigo lilitokea ndani ya kiatu. Magurudumu mawili na ekseli yake nilipata Tanga, yamefungwa kwenye soksi. Ndoano za kuunganishia mabehewa zilikuwa balaa, kwa kuwa kila kiwanda kilikuwa na ndoano yake na hazikukubaliana hata kidogo. Nikajifunza kwamba vipimo ni vingi, kwamba behewa linaweza kuwa zuri sana na bado lisifae kwa sababu lilipimwa kwa jicho la mtu mwingine. Reli nilitengeneza kwa nyaya za miavuli mibovu. Umeme ulikuwa kidole changu. Vyote nilivihifadhi kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, kila kimoja kimefungwa kwa kipande cha kitambaa.

Kichwa nilichokitaka hasa sikukipata. Kile cha koti hakikuwa na mkono wa chuma, na vingine nilivyokuwa navyo vilikuwa vya dizeli, virefu. Nilitaka kile cha utotoni, kifupi, chenye mkono wa chuma kwenye magurudumu. Kwa hiyo nikauliza. Nilimwuliza kila mtu anayekwenda Moshi, anayekwenda Tanga, anayekwenda Dar. Niliwachorea kwa mkaa kwenye karatasi ya kufungia maandazi. Nilikuwa na rafiki Moshi aliyefanya kazi ya kufungua marobota na kuchambua, na yeye nilimsumbua mpaka akaanza kunijibu kabla sijamaliza salamu: "Bado, shoga. Kichwa chako bado."

Pale sokoni walinicheka. "Mama Vichwa," waliniita, na nilikuwa naitika.

Sasa niwaeleze habari za baba mkwe wangu, kwa kuwa bila yeye hakuna kisa. Mume wangu ni mtu wa Mamba, huko juu kwenye tangawizi, na alifundisha shule hapa mjini. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa koti na kofia, mtu ambaye alipiga magoti kusali kabla ya kupanda basi. Sijawahi kumwona akicheka mpaka meno yaonekane. Aliniheshimu na mimi nikamwogopa, na tukaishi vizuri kwa mpango huo.

Jambo ambalo sikulijua, na ambalo mume wangu hakuwahi kuniambia kwa sababu na yeye alikatazwa kulisema, ni kwamba mzee huyu alikuwa anatafuta kichwa cha baba yake.

Wapare wenyewe wataelewa mara moja. Kwa wasio Wapare, kama mimi, ni hivi. Zamani huko milimani, mzee wa ukoo akishazikwa na miaka ikapita, watu wake walikifukua kichwa chake, wakakitia ndani ya chungu, wakakiweka pangoni pamoja na vya waliomtangulia. Huko ndiko ukoo ulikokwenda kuzungumza naye: mvua imechelewa, mtoto haachi kuumwa, tumekosa nini. Hawakusema fuvu. Walisema kichwa. Baba mkwe alikuwa kijana mdogo chungu cha baba yake kilipowekwa pangoni. Ukaja mwaka wa njaa, ukoo ukagawanyika, na baba yake mdogo akateremka na watu wake kwenda kutafuta riziki tambarare. Baada ya hapo chungu hakikuonekana tena. Wengine walinong'ona kwamba baba mdogo alikiuza, wengine kwamba watu wa dini walikitupa korongoni. Yeye mwenyewe akabatizwa, akawa mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa hatafuti kichwa. Lakini alikitafuta, kimya kimya, kwa kutembea mapangoni peke yake akisema anakagua mizinga ya nyuki. Mwaka ninaousimulia alikuwa anaumwa kifua, na alijua hana siku nyingi. Hakutaka kufa bila kujua baba yake yuko wapi.

Basi. Siku hiyo sikufungua meza kwa sababu nilikuwa msibani. Rafiki yangu wa Moshi akampa ujumbe kondakta wa basi la Mamba, basi ambalo lilitoka Moshi, likapita Same, likapanda milimani jioni. Kondakta yule alikuwa kijana mwaminifu, na uaminifu wake ndio ulioleta yote. Aliponikosa sokoni hakuona sababu ya ujumbe kulala. Akaupeleka kwa wakwe zangu. Alipofika Mamba, akiwa bado ananing'inia mlangoni, alimpigia kelele baba mkwe aliyekuwa barabarani na jembe begani:

"Mzee, shikamoo! Nimetumwa kwenu. Kichwa chenu kimepatikana Moshi! Ni kizima, ila meno mawili yamekatika. Kimo kwenye boksi, kesho jioni nakishusha Same kwa mkweo!"

Nimeambiwa kwamba baba mkwe aliliachia jembe likaanguka, akasimama pale mpaka vumbi la basi likatulia.

Mimi sikujua lolote. Kesho yake asubuhi nilikuwa nafagia uani nikasikia hodi, nikageuka, nikamwona baba mkwe. Koti, kofia, viatu vimepakwa rangi. Nyuma yake mzee mwenzake wa ukoo, mfupi, asiyesikia vizuri, ameshika kamba yenye kondoo mweusi mwishoni mwake. Mkononi kwa mzee huyo kulikuwa na galoni, na kwa harufu tu nilijua ni dengelua. Pombe ya miwa, asubuhi, mkononi mwa mtu anayefuatana na mzee wa kanisa! Ufagio ulinitoka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkamwana. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo baba. Habari za nyumbani?"

"Njema. Tumekuja kwa lile jambo."

Mkamwana hamwulizi baba mkwe ni jambo gani. Nikawakaribisha ndani, nikafunga kondoo kwenye mpera, nikachemsha chai ya tangawizi huku nikipitia makosa yangu yote tangu niolewe. Mume wangu alikuwa Tanga kwa kazi za shule wiki hiyo. Nikafikiri amekufa. Nikafikiri ameoa mke mwingine. Kondoo mweusi sikuweza kumpatia nafasi katika hesabu yoyote.

Nilipoweka chai mezani, baba mkwe alivua kofia akaiweka juu ya goti.

"Kondakta alitupa ujumbe," alisema. "Kwamba kimepatikana."

"Nini baba?"

"Kichwa."

Jamani. Nilipiga kelele. Niliruka, mbele ya baba mkwe, kwa miguu yote miwili. "Kimepatikana? Kichwa changu? Baba, kizima?"

Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, macho yamelowa. Baadaye alinieleza kwamba alidhani nimeupenda ukoo wake kiasi hicho. "Amesema kizima," alijibu. "Meno mawili tu ndiyo yamekatika."

"Ah, meno si kitu, baba. Meno nitayachonga mwenyewe."

"Utayachonga?"

"Kwa plastiki ya ndoo. Nimeshazoea. Kile cha kwanza kilikuja hakina hata jino moja."

Aliweka kikombe chini taratibu sana. Kule Mamba mkamwana hatakiwi hata kupita karibu na pango. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, na trei mkononi, nikimwambia habari ya kuchonga meno. "Cha kwanza," alisema. "Kwani vipo vingine?"

"Vipo baba, chini ya kitanda. Nikuletee uvione?"

"Usilete!"

Hakuwahi kupaza sauti katika maisha yangu ya ndoa. Hata kondoo huko nje aliitikia. Nikafikiri nimekosa adabu kutaja kitanda mbele ya mkwe, nikaona aibu, nikakaa kwenye kiti cha mbali.

Kisha akauliza, "Na mwanangu analala juu ya kitanda hicho?"

"Mwanzoni alilalamika. Sasa amezoea."

"Ni vya nani hivyo?"

"Vingi ni vya Wajerumani, baba. Kimoja nadhani ni cha Mwingereza."

Yule mzee mwenzake aliinamia sikio la baba mkwe. "Amesema nini?"

"Amesema ana vichwa vya Wajerumani."

Mzee alifikiri. Kisha akaguna kwa kuridhika, kama mtu aliyesikia kwamba mbuzi wake amepatikana shambani kwa jirani. "Safi," alisema. "Si na wao walichukua vyetu wakapeleka kwao?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kwa adabu. Nilidhani anazungumzia habari za reli, kwa kuwa reli yetu ilijengwa na Wajerumani na wazee hupenda kuwasema. Nilikuwa nimeshangaa, lakini nimeshangaa kwa furaha. Miaka yote nilificha sanduku langu watu wa Mamba wanapokuja, nikijua wataniona kichaa, kumbe wanajua, kumbe wamekuja na kondoo kunipongeza! Niliwapikia makande, nikatia nazi na kila kilichokuwepo jikoni. Hawakula vizuri. Baba mkwe alikaa ameelekeza uso kwenye mlango wa chumbani kwetu, na kila paa la bati lilipolia kwa joto alishtuka.

Ilipofika saa ya basi tukaenda stendi wote watatu, na kondoo. Nilitangulia kwa haraka, maana miguu yangu haikuwa inanisikiliza. Stendi ilikuwa imejaa kama kawaida ya jioni, wenye magunia matupu ya tangawizi wanaorudi juu, wauza mahindi ya kuchoma, abiria wa Mamba wanaogombea upande wa kivuli. Basi likaingia. Kondakta akaniona, akanyanyua boksi la sabuni lililofungwa kwa kamba ya katani, akatabasamu.

"Mama Vichwa! Mzigo huu hapa!"

Nikanyoosha mikono. Mkono wa baba mkwe ukapita mbele yangu.

Alikuwa amevua viatu. Mzee wa kanisa, kwenye vumbi la stendi ya Same, miguu mitupu, kofia imebanwa kwapani. Mwenzake alikuwa ametandika kaniki mpya chini, karibu na gurudumu la mbele. Baba mkwe akalipokea boksi kwa mikono miwili, polepole, kama linavyopokelewa bakuli lililojaa maji, akaliweka juu ya kaniki, akapiga magoti. Mzee mwenzake akafungua galoni akamimina dengelua ardhini. Na baba mkwe akaanza kuzungumza na boksi.

Alisema kwa Kipare. Kipare changu ni cha sokoni, cha kupunguza bei, lakini neno la baba nililijua, na neno la kuomba radhi nililijua, na machozi hayana lugha ya kutafsiriwa. Wapare waliokuwa karibu walielewa mara moja. Waliokuwa wanakula waliacha. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi juu ya gunia la mpunga alisimama, akafunga kanga yake vizuri.

Ndipo na mimi nikaelewa. Sijui ni kipi kilichonifungua, ni kaniki au yale magoti. Kila neno nililolisema asubuhi lilinirudia moja moja: meno, ndoo, kitanda, Mwingereza. Nilitaka ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Same ni ngumu na haikujali. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Nikapiga magoti kando yake.

"Baba," nilisema. "Baba, nisamehe. Hicho ni kichwa cha treni."

Hakunisikia, au hakutaka kunisikia. Nikarudia. Mara ya pili stendi nzima ilisikia, na kondakta, maskini, akaongezea toka mlangoni, "Si nilisema kichwa? Kichwa cha treni, mzee. Cha kuchezea."

Baba mkwe akafungua kamba. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akafunua gazeti la kwanza, akafunua la pili. Kilikuwemo. Cheusi, kifupi, ngazi mbele, na mkono mwekundu wa chuma kwenye magurudumu. Kilikuwa kile kile hasa nilichokililia utotoni, na nilikichukia kuliko kitu chochote duniani.

Mzee mwenzake aliinama juu ya boksi, akakaza macho.

"Ni nani huyu?" aliuliza.

Mtu mmoja nyuma alicheka. Akafuata wa pili. Kisha wakanyamaza wenyewe, maana baba mkwe alikuwa amekishika kichwa kile kiganjani na uso wake haukuwa uso wa kuchekwa. Nilingoja anitukane, na nadhani ningefurahi angenitukana.

"Hiki ndicho ulichokuwa unakitafuta?" aliniuliza. Kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini.

"Ndicho baba."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijaja kwenu."

"Na umekipataje?"

"Niliuliza, baba."

"Ulimwuliza nani?"

"Kila mtu."

Akakigeuza. Akausukuma ule mkono wa chuma kwa kidole gumba, na magurudumu yakazunguka, yakakwama pale penye meno ya gia yaliyokatika. "Hukuona haya? Kitu kama hiki, mtu mzima?"

"Niliona. Walinicheka sana. Mpaka leo wananicheka."

Nilisikia kifua chake kikikoroma. Halafu akasema jambo ambalo lilinishtua kuliko yote ya siku hiyo, na nilikuwa nimeshashtuka vya kutosha.

"Mimi sijawahi kumwuliza mtu hata mmoja," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Maisha yake yote! Mapango yote yale, mizinga yote ile ya nyuki ya uongo, na hajamwuliza mtu! "Hata ndugu zako wa tambarare, baba?"

"Ningewauliza nini? Wangesema, mzee wa kanisa huyo, anatafuta mizimu. Na kanisani wangesema hivyo hivyo." Alitazama miguu yake mitupu, akaitazama kaniki iliyolowa pombe, akawatazama watu waliotuzunguka, na miongoni mwao walikuwemo wa usharika wake waliokuwa wakimtazama bila kupepesa. Nadhani aliona kwamba lile alilokuwa akilikimbia miaka yote lilikuwa limeshamkuta tayari, hapo hapo, hadharani, na bado anapumua.

Akanirudishia kichwa changu. Akasimama kwa kushika bega langu, jambo ambalo baba mkwe hafanyi. Akatazama basi, madirisha yamejaa nyuso.

"Jamani," alisema, akakohoa, akaanza upya kwa sauti ya kusomea matangazo kanisani. "Jamani, mimi natafuta kichwa cha baba yangu. Kilikuwa Mamba, kwenye chungu. Kilipotea mwaka wa njaa, baba yangu mdogo alipoteremka. Mwenye habari naomba anisaidie."

Dereva alizima injini. Niliwatazama wale wa usharika nikangoja mmoja afungue mdomo, na nilikuwa tayari kumrukia.

Aliyeongea ni yule mwanamke wa gunia la mpunga. Alikuwa mtu wa makamo, ngozi imeungua kwa jua la tambarare. Alimtaja baba mdogo wa baba mkwe kwa jina, akauliza kama ndiye huyo.

"Ndiye," alisema baba mkwe. "Ulimjua?"

"Mimi ni mjukuu wake. Natoka Bendera, huko tambarare." Mwanamke alisogea, akamwamkia shikamoo kwa kupiga goti, kisha akamtazama usoni kwa mshangao mtupu, kama vile yeye ndiye aliyepaswa kupewa maelezo. "Kumbe ni nyinyi? Babu alikibeba ili kaka yake asije akaachwa peke yake huko juu, maana alisikia nyie mmeokoka. Kipo, baba. Tunakitunza. Kila mavuno tunamwekea chakula. Sisi tulidhani mnaona haya kuja."

Mzee mwenzake alimvuta baba mkwe mkono akiuliza amesema nini, amesema nini, na hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa nimesimama na kichwa changu mkononi, nalia kwa sauti, wala sikujali nani ananitazama.

Ndipo baba mkwe akanigeukia, akiwa bado hana viatu, na akaniuliza basi la kwenda Bendera linaondoka saa ngapi.